Hodi ya Tatu

Kerubo,
sijui kama hilo ni jina lako au ni vazi tu la faili.
Naitwa Musyimi. Natengeneza simu Luthuli,
ghorofa ya pili, meza ya nne kutoka ngazini,
hapo penye harufu ya lehemu na chipsi.

Nilibisha Februari. Nikabisha tena mvua zilipoanza.
Hodi ni tatu; ya tatu isipoitikiwa
mgeni hugeuza viatu.
Hii ndiyo ya tatu.

Nimeendesha lori kwenye barabara uliyoichora.
Gemu yenyewe iliundwa na watu wa mbali,
barabara zao zimenyooka, hazina mtu;
wewe ukapachika Outering humo,
na matuta yasiyopakwa rangi,
na mbuzi wa Donholm wasiojali honi,
na yule jamaa wa mkokoteni avukaye bila kutazama,
mitungi ishirini ya maji ikimsukuma kwa nyuma.
Nilicheka peke yangu saa saba usiku
hadi jirani akagonga ukuta.

Lakini ni ya kompyuta tu. Na kompyuta, Kerubo,
anayo nani huku Kayole? Watoto wa ploti yetu
huchezea simu za mama zao,
vioo vina nyufa, betri zimevimba kama mandazi.
Juzi Mutheu, wa miaka tisa, aliniuliza
mbona barabara za kwenye gemu hazifiki kwao.

Nataka kuihamishia kwenye simu.
Si kuimiliki. Kuihamisha,
kama mtu anavyombebea mwenzake kitanda
siku ya kuhama: jasho langu, kitanda chako,
na jina lako litakaa mlangoni, juu, kwa herufi kubwa.

Nikwambie ukweli: nishaihamisha.
Iko kwenye droo, ndani ya simu moja kuukuu,
inaenda, inakwama, inaenda.
Hakuna aliyeionja, hata Mutheu.
Nawajua walioibeba bila hodi,
wakafuta jina lako, wakabandika matangazo ya mikopo.
Nami niliwaza hivyo usiku mmoja. Ugali ukanikaba.

Shida ni uzito. Simu haibebi vyote.
Lazima nikate: majani, vivuli, mawingu, nusu ya mbuzi.
Na pale karibu na daraja la waendao kwa miguu
kuna kibanda cha mboga chenye taa moja
inayowaka hata mchana, inakula nguvu bure.
Nikafungua msimbo niizime.
Nikakuta umeandika pembeni, neno moja:
usiizime.

Jumapili nilikwenda kwa miguu kupaona.
Hakuna kibanda. Kuna ukingo wa chuma,
vumbi, na sukumawiki iliyojiotea mtaroni.

Taa sikuigusa. Nimerudi kuuliza tu,
nikate nini?
Hodi.

*

Jibu lilikuja Alhamisi, nikiwa na skrubu mdomoni.
Halikuwa na salamu.

"Karibu. Vivuli kata, mbuzi punguza.
Taa iache. Mama hajafunga."