Mara Moja

Semina ilifanyika ukumbi wa chini, ule wa harusi,
viti bado vina riboni za Jumamosi.
Mwezeshaji akaandika ubaoni:
PLASTIKI YA MATUMIZI YA MARA MOJA.
Akageuka: nani atatueleza maana yake?
Mimi nikaangalia kucha zangu.

Miaka kumi na mmoja natandika vitanda hapa Raskazone,
ghorofa ya pili, mia mbili na moja hadi mia mbili kumi na saba.
Mgeni hufungua kichupa cha shampuu,
humimina tone kiganjani, hunusa, huacha.
Kesho yake: weka kipya.
Chupa ya maji imebaki nusu kando ya mto,
mfuniko umekazwa vizuri, kama mtu aliyeaga kwa adabu.
Mwaga. Weka mpya.
Kitana ndani ya nailoni,
kofia ya kuogea ndani ya nailoni,
hata glasi, niliyoiosha kwa mkono huu, naivisha nailoni
ili ionekane haijaguswa na mtu.
Mtu huyo ni mimi.

Lakini nisikudanganye.
Saa kumi nikitoka, mkoba wangu haukutoka mtupu.
Vichupa vilikwenda Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
kwa Bi Mwanakheri Mbaruku,
akavitia mafuta ya habasoda na ya mkarafuu,
kimoja mia tano, kwa jirani mia tatu.
Kofia za kuogea zilifunika bakuli za mbaazi.
Kuna kichupa nakijua kwa mkwaruzo wake ubavuni:
kimebeba mafuta, kimebeba dawa ya kikohozi,
kimebeba maji ya kombe siku tatu mfululizo,
sasa kiko dirishani kwa mjukuu wangu Mbwana,
ndani mna konokono anayeitwa Dereva.
Mara moja?
Kwetu sijaona kitu kilichotumika mara moja
isipokuwa sanda.

Ndiyo maana sikunyoosha mkono.

Kisha kijana akatuonyesha picha.
Mikoko, maji yamekupwa, tope linang'aa,
na kwenye mizizi, samaki wa bluu.
Samaki wa nembo yetu.
Mmoja, wawili, hadi nikaacha kuhesabu:
mikoko ilikuwa imezaa vichupa.
Nikapiga hesabu kichwani, ile ya sokoni, ya haraka.
Bi Mwanakheri anajaza thelathini kwa wiki.
Hoteli inatoa elfu na mia mbili.
Mkoba wangu haukuwa dawa.
Ulikuwa kunituliza mimi.

Mwezi wa nne mafundi wakaja na drili.
Mitungi ya kauri ikakazwa bafuni kwa skrubu,
maji yakachujwa jikoni, yakapanda juu kwa jagi la kioo.
Mgeni wa mia mbili na tisa akalitazama lile jagi
kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama.
Akauliza, kwa Kiswahili cha kitabuni:
“Je, maji haya ni salama? Hayana muhuri.”
Nikamimina glasi. Nikanywa mbele yake, yote,
nikiwa nimesimama wima katikati ya chumba,
jambo ambalo kwa miaka kumi na mmoja
nililifanya nyuma ya mlango.
Akacheka. Akachukua glasi ya pili.

Jioni Bi Mwanakheri akaniuliza:
“Mbona mkoba umesinyaa?”
Nikamweleza. Akakaa kimya, akijipepea kwa kipande cha boksi.
Halafu akakigeuza boksi, akaandika kwa mkaa:
NJOO NA CHUPA YAKO.
Jumatatu hakuja mtu. Jumanne akaja wa kukopa.
Alhamisi sikumuuliza, niliona uso wake.

Jana akaja binti mmoja kutoka Mikanjuni,
akafungua kanga pembeni, akatoa kichupa.
Kimechakaa, mfuniko si wake,
na yule samaki wa bluu
jicho limeshafutika.