Geji Ishirini na Nane

Upepo wetu haukuja na jina.
Redioni nasikia vimbunga vya baharini vikibatizwa,
vikiitwa kama watoto wa kanisa.
Huu ulitoka nyuma ya kilima saa tisa na robo,
ukapita Kaberebere bila kupiga hodi,
na saa tisa na nusu ulikuwa umekwisha.

Robo saa. Maharage huchukua zaidi.

Nilikuwa chini ya kaunta, kati ya ndoo za misumari,
nikisikia mabati ya watu yakipita juu yangu,
moja, moja, kisha kwa mafungu,
kama mtu anayefungua kwa pupa barua asizoandikiwa.
Yangu hayakutikisika.
Nyumba yangu niliiezeka kwa mabati ninayoyajua.

Nilipotoka, migomba ilikuwa imelala,
yote, toka kwa Rwabuhinga hadi bondeni,
vichwa vikielekea Mbarara,
njia ileile lori la matoke hupita Alhamisi.
Mikungu michanga, vidole vyembamba kama penseli.
Mawe ya mvua yalikuwa bado yamejaa makorongoni
na watoto wakiyala. Mtoto hula chochote king'aacho.
Rwabuhinga alisimama katikati, panga mkononi,
hana cha kukata.
Shamba hilo ndilo rehani ya mkopo wake.
Akaniuliza, "Mgomba ukilala, deni nalo hulala?"
Akacheka peke yake, akaenda kutafuta mbuzi.

Kesho yake wakaja dukani.
Mwalimu Katushabe alikuja na orodha: la nne wanasoma kanisani,
la tano wanasoma angani.
Wakaniita mzee, wale wale wanaoniita Misumari.
Kilo ilikuwa elfu sita. Nikaandika saba.
Nikafuta.
Nikaandika saba tena.

Kyomugasho alifika wa mwisho,
bati kichwani, mwanawe nyuma,
paji la uso limeshonwa nyuzi kumi na moja,
jicho moja limefumba kwa uvimbe.
Bati alilikuta kwenye mafunjo, ng'ambo ya mto,
na damu, alisema, ilikuwa imeshaoshwa na mvua.
Akalilaza juu ya kaunta polepole
kama anayerudisha kitu cha kuazima.
Hakulaumu. "Ninyooshee. Na misumari nusu kilo.
Nitalipa matoke yaki..." Akasita.
"Nitalipa."

Mwandiko wangu naujua.
Namba ya kiwanda niliisugua kwa msasa
miaka mitatu iliyopita, mlango wa nyuma umefungwa,
nikaandika nyingine kwa kalamu nyeusi.
Nilitumia taa ya simu. Nilipiga mluzi, nakumbuka.
Upepo uliochukua shule, na migomba,
na choo cha katekista pamoja na mlango wake,
wino haukuuchukua.

Mtoto akainama na lile jicho moja,
akaweka kidole pale, akasoma kwa sauti
kama asomaye darasani akingoja makofi:
"Ishirini na nane."

"Vizuri," nikamwambia.
Ndivyo nilivyosema. Vizuri.

Nikapima misumari. Mkono ukaongeza.
Mizani ikapita nusu, ikapita kilo, ikapita mbili,
Kyomugasho akisema basi, baba, basi, sina pesa ya hiyo yote,
nami namimina tu,
misumari inaruka sakafuni, inaviringika hadi mlangoni,
na mtoto anaikimbilia, anaokota, anahesabu.

Wameondoka. Daftari la madeni liko wazi,
jina lake nimeliandika, mbele yake pako patupu.
Sijui niweke kiasi gani, wala nani anamdai nani.
Bati wameniachia.
Halina uzito. Ningeweza kulikunja kwa mikono miwili
na kulitia mfukoni.
Toka asubuhi nimeshika nyundo.