Karatasi ya Fundi Abuor

Saa tatu asubuhi nimefika Kibuye na fomu ya kurasa sita,
kalamu mbili, na kofia ngumu ya njano
ambayo hapa hakuna mwingine aliyeivaa.
Chuo kimenituma nimpime Fundi Abuor.
Umri: sabini na mmoja. Shule: darasa la nne. Cheti: hakuna.
Harakisha, aniambia, randa haijasimama mkononi,
jeneza hili ni la watu wa Ahero, saa kumi wanalijia.

Ufundi ulijifunzia wapi?
Anacheka kwa pua.
Karakana ya reli, huko chini ziwani,
mabehewa yalipokuwa bado ya mbao.
Nilibeba sanduku la Bwana Gurdit miaka miwili
kabla ya kuruhusiwa kugusa kilichomo.
Hakunifundisha. Ila hakunikataza kutazama.
Basi nikaiba kwa macho, mwanangu,
mchana naiba, usiku najaribu
kwenye kuni za mama, kwa kisu cha jikoni,
hadi mama akakosa cha kupikia.
Andika hivyo.

Fomu ina visanduku vitatu: Chuoni. Kazini. Kwingine.
Natia alama Kazini.
Kuni za mama hazina kisanduku.

Baba yake hakutaka.
Baba alikuwa katika wale wavulana wa misheni
waliopewa nyundo asubuhi na sala jioni,
wakaunda viti wasivyoruhusiwa kukalia.
Hesabu yao ilikomea kwenye futi na inchi;
zaidi ya hapo, waliambiwa, ingewavimbisha kichwa.
Kwa hiyo mzee yule aliiona randa ni pingu, kalamu ndiyo ufunguo,
na mwanawe aliporudi na vumbi la mbao nyusini
alimwuliza: Nilikupeleka shule unirudishie nyundo?

Nami ni nani wa kupima?
Mtoto wa Chavakali, wa enzi za karakana za harambee.
Wazazi walibeba mawe, wakauza kuku,
jengo likasimama, vifaa vikaja kwa lori
na grisi yake ya kiwandani,
vikafungiwa stoo visije vikapotea.
Mwalimu Jumba alikuwa amesomea historia.
Alichora patasi ubaoni, nasi tukaichora daftarini,
makali, shingo, mpini, pete,
miaka mitatu nachora patasi
nisijue uzito wake.
Nilipata alama za juu sana.

Kazi ya mtihani: tundu na ulimi, bila msumari, bila gundi.
Fomu yataka mita. Abuor ana uzi wenye mafundo,
na Apondi, mwanagenzi wake, kashika ncha ya pili kabla hajaambiwa.
Mzee anapapasa ubao kwa kidole gumba
kujua nyuzi zimelalia wapi.
Taja kanuni za kazi, nasoma.
Kanuni? Mteja asirudi na kiti mkononi.

Patasi inaingia. Vipande vinaruka hadi kwenye kofia yangu.
Kisha anasukuma kwa kiganja, mara moja,
na mbao mbili zinanyamaza pamoja.
Vuta.
Navuta. Namwita Apondi tuvute wawili.
Hakuna kinachoachia.

Mbona sasa, baada ya miaka yote, unataka karatasi?
Kaunti inatafuta madawati mia tatu, asema,
na zabuni haisomi viganja.

Halafu ananipa randa. Na wewe.
Inaruka, inang'ata, inaacha kidonda kwenye ubao mzuri.
Apondi anageukia jeneza, mabega yakimtikisika.
Abuor anachukua fomu yangu, anaifuata kwa kidole,
polepole, darasa la nne,
hadi mwisho, palipo na maneno mawili tu ya kuchagua:
Ameweza. Bado.
Ananitazama juu ya miwani.
Bado, asema.

Njoo Jumamosi. Sanduku langu limekuwa zito,
natafuta mtu wa kulibeba.