Kanuni ya Telmo

Kazi yangu ni kuwinda makosa.
Usiku, katika gazeti la mkoa, hapa Soria,
nasoma bei ya shayiri, mechi za daraja la tatu,
matangazo ya mazishi yenye misalaba midogo pembeni,
na kalamu yangu nyekundu haina ndugu wala rafiki.

Asubuhi narudi, mwanangu ananisubiri mlangoni
na gari lisilo na gurudumu.
"Rompido," ananiambia. Limevunjika.
Wakubwa husema roto.
Nani kamfundisha rompido? Si mimi.
Si baba yake, Eloy,
ambaye hata akitukana hutukana kwa sarufi safi.
Neno hilo halikuwamo kinywani mwa mtu yeyote nyumba hii.
Kalishona mwenyewe, pengine usiku,
kwa vipande vya nguo tunavyodondosha mezani tukila.

Unajua kofia yako iko wapi?
"Sabo." Najua.
Kisha anajitia ndani ya boksi la mashine ya kufulia
aliloletewa na mjomba Saturio,
anakunja magoti hadi kidevuni:
"Cabo!" Naenea!
Na maneno yote mawili ni yake, mapya,
bado yananuka gundi.

Bibi yake, Casilda, hakuyavumilia.
Alifundisha miaka thelathini na sita huko Almazán;
alikuwa na rula, na rula zilipopigwa marufuku
alibaki na jicho.
"Quepo, mtoto. Sema quepo."
"Quepo," akasema Telmo kwa adabu zote,
akarudi ndani ya boksi:
"Bibi, tazama, cabo."
Bibi alicheka hadi miwani ikamtoka.
Baadaye, jikoni, akimenya viazi, akaninong'oneza
kama mtu anayekiri deni:
"Huyu ana kanuni. Sisi tuna mazoea tu."

Mwezi wa pili, barafu ingali imeshika mabomba,
tulimzika Casilda.
Tangazo lake lilipita mezani kwangu kama mengine.
Nililisoma mara nne.
Nikatia koma moja. Nikaiondoa.

Telmo nilimwambia tukiwa tumekaa kwenye ngazi,
viatu vyake mkononi mwangu.
Nilitumia neno la wakubwa, muerto,
neno lililofungwa pande zote, halina mpini.
Alilipima kidogo.
"Bibi se ha morido," akasema.

Sasa sikilizeni, wasahihishaji wenzangu.
Katika lugha yetu amelala ni dormido.
Ametoka, salido. Amekuja, venido.
Mkia mmoja, kama watoto wa paka mmoja.
Kufa tu ndiko kulikozaliwa bila mkia,
na sisi tumezoea, hatuulizi.
Telmo aliliona pengo, akaliziba.
Akamweka bibi yake pamoja na waliolala,
pamoja na waliotoka mara moja kununua mkate,
na ambao, kwa kanuni ileile,
waweza kuja.

Kalamu ilikuwa mfukoni.
Nikamfunga kamba za viatu,
mguu wa kushoto, kisha wa kulia,
kisha nikaufungua wa kushoto nikaufunga upya.

Mwezi wa tisa alitimiza miaka minne.
Boksi tulishalitupa; magoti yalikuwa yamegoma.
Tukitoka shule aliona konokono amekauka ukutani,
akamgusa kwa kijiti.
"Está muerto," akasema,
sawasawa, bila hata kunitazama,
akaendelea na habari za Nuño
aliyetapika ndani ya basi, tena mara mbili, tena rangi ya machungwa.

Nilimjibu "aa" na "kweli?" njia nzima.
Moyoni nilikuwa nairudia ile sentensi yake fupi,
herufi kwa herufi, kama ninavyolipwa kufanya,
nikilitafuta kosa.