Alama ya Kitenge

Julai, Iyunga. Ukungu wa Loleza ulishuka
mpaka madirisha ya maabara yakatoka jasho,
na mimi, kibarua wa kufuta vumbi,
nikakiona kioo cha mistari kimefubaa kwa unyevu.
Nikakifuta.
Kwa pembe ya kitenge, mara moja tu,
kama nifutavyo chupa ya kandili.

Sikuwa nimeambiwa
kwamba dhahabu ile ni laini kuliko ukoga wa maziwa,
mistari elfu moja na mia mbili kila milimita,
na haiguswi, hata na anayeipenda.

Anyelwisye alinieleza jioni, bila kufoka.
"Kwenu Kiwira, siku za kuchuma chai,
mnavukaje ule mti?"
Mmoja mmoja, nikasema. Tukijazana utakatika.
"Basi, na mwanga ni hivyo.
Mpigo mfupi ukiingia mzima kwenye yakuti
utaipasua. Kwanza tunautawanya:
wekundu watangulie,
wa njano wafuate,
wa buluu waje nyuma wakiburuta miguu.
Ndani ya jiwe kila mmoja anajaziwa kikapu.
Ng'ambo, kioo hiki ulichokifuta
kinawazungusha wekundu njia ndefu
hadi wa buluu wawafikie,
watue vikapu wote kwa kishindo kimoja."

Kishindo cha muda gani?
Akaniambia nipepese jicho.
"Gawa kupepesa huko kwa watu wote duniani,
kisha kila mtu aikate sehemu yake mara elfu.
Chembe moja. Ndiyo hiyo."

Usiku wakajaribu. Umeme, ajabu, haukukatika.
Kwenye kadi lile doa lilikuwa na pengo,
mfuo mmoja wa mshazari,
upana wa upindo wangu.
Dokta Mwakalobo akauliza, ni nani?
"Unyevu," Anyelwisye akajibu,
akakohoa kama mtu aliyemeza mwiba.

Kipya kilichukua miezi kumi na moja kufika.
Siku hizi mimi ndiye mkali wa mlangoni:
vua bangili, funga kilemba vizuri,
chafya kapigie nje.

Kile cha zamani nilipewa. Kiko dirishani kwangu, Uyole.
Jua la saa nne likikipata
rangi zinalala juu ya magunia ya viazi,
zote, isipokuwa pale.
Mwanangu Tusajigwe hupenda kuweka kidole
katikati ya hilo pengo
na kuuliza ni nani amepita hapa.