Haufai

Kazi yangu ni kupima.
Nina futikamba, nina kopo la rangi nyekundu,
na wenye nguzo za stima hunilipa kwa kila mti ninaouhukumu.
Mikaratusi ya Seme naijua: imenyooka kama askari wa gwaride,
myeupe miguuni, vichwa mawinguni.
Nakumbatia, nasoma inchi, napiga doa.
Keshokutwa, msumeno.

Siku ile, juu ya Kombewa,
njia ilipokwisha na mawe yakaanza,
mawe meusi yaliyobebana, pimbi wakiota jua,
nikaukuta.

Mfupi. Mashina matano
yametoka kwenye kisiki kimoja kilichovimba
kama goti la mchezaji mstaafu,
na goti limejibana katika ufa
usioweza kumeza hata vijiko viwili vya udongo.
Majani membamba, rangi ya majivu ya juzi.

"Umekatwa mara tatu," akasema Nyabola, mwenye shamba,
akichambua dagaa kwenye ungo bila kuniangalia.
"Kwanza mume wangu. Kisha shemeji.
Mara ya tatu ni mimi, mwaka ule nilikosa kuni
na hata sababu ya kupika.
Sisi mti huu twauita bao. Kwa Kiswahili chenu
bao ni la kufungwa, sivyo?
Huu haujafungwa."

Nikazungusha kamba, kwa heshima ya kazi.
Inchi tatu. Mbili na nusu. Shina la nne limepinda
likitazama ziwa kama mtu aliyesikia akiitwa.
"Mama, haufai."
"Sema tena."
"Haufai. Hata kwa mwimo wa choo."
"Basi andika."

Nilidhani ni mzaha. Akapangusa mikono,
akaleta daftari la mjukuu,
akachana ukurasa wenye hesabu zilizokosewa.
Wanawe wako Kisumu, alisema, simu zao ni za kuuliza bei.
Wauze ile mirefu yote, walipe madeni yao;
lakini atakayepanda huku juu na shoka
atasomewa.

Nikaandika: HAUFAI. Tarehe.
Sahihi yangu, ile ya benki, yenye mkia.
Akaikunja karatasi mara nne, akaificha kilembani,
akarudi kwa dagaa wake.

Nikashuka. Rangi ilikuwa imeanza kuganda kwenye kopo.
Nilinawa mtoni, nikanawa tena kwa sabuni ya mkahawa,
na bado, hadi Kisian,
vidole vyangu vilinuka ule mti.