Muhuri wa Mto

Kasumulu, saa mbili asubuhi, ukungu haujatoka mtoni.
Mgeni mwenye begi refu kuliko mgongo wake
anauliza dirishani: hii viza moja, kweli inavuka?
Inavuka, anajibu Afisa Mwaipaja, akipuliza wino.
Leo Matema, kesho Karonga,
Zambia ukipenda, kisha urudi ule wali wa Kyela.
Ada moja. Karatasi moja. Picha moja ya kununa.

Nyuma yake kwenye foleni, Subilaga,
mkungu wa ndizi kichwani,
anakwenda kumzika shangazi ng'ambo,
kijiji anachokiona kila akianua nguo.
"Na mimi je? Ya kutalii msiba ipo?"
Foleni inacheka. Afisa hacheki, anatafuta fomu.

Mimi nauza maandazi, sina neno.
Nakumbuka tu shamba la bibi
(bibi yangu hasa, si yule wa msemo):
mwaka wa mafuriko Songwe uliamka usiku
ukahamia huku kwetu, ukapita nyuma ya migomba.
Bibi alilala Kyela, migomba ikaamkia Malawi,
bila pasi, bila picha, bila senti.
Asubuhi akapandisha kanga, akaenda kupalilia.
Aliyemgongea muhuri ni tope,
mpaka magotini,
kwenda na kurudi.

Mgeni ameshavuka, analipiga picha daraja.
Subilaga anaazima kalamu kwangu.
Penye "Sababu ya safari" ameacha wazi.
Mkungu haujashuka kichwani.